Faili Likifika

Nilikuwa Msomaji pekee wa mji ule, na nitalisema hilo kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu siku hizi wako watu wanaosimulia habari hizi kana kwamba zilitokea zenyewe. Hazikutokea zenyewe. Nilizifanya mimi, Sikudhani binti Mkadamu, kwa mkono huu wa kulia, nikiwa nimeketi kwenye kiti ambacho nilikuwa sijakiacha kwa miaka ambayo sina hakika nayo. Kumi na mmoja, nadhani. Au asubuhi moja ndefu. Katika mji ule mambo hayo mawili yalikuwa bado hayajatengana.

Mji haukuwa na jina. Uliwahi kuwa nalo, ila lilikuwa limeandikwa katika faili, na faili lenyewe lilikuwa halijaletwa.

Mafaili yote yalikaa chini ya ardhi, mahali tulipopaita Kina. Kila mtu alikuwa na faili, lake au la ukoo wake, na kilichoandikwa humo ndicho kilichokuwa. Ukitaka kuoa, iandikwe kwanza. Ukitaka kupaka mlango wako rangi mpya, iandikwe kwanza, la sivyo rangi ingekauka na mlango ukarudia ile ya zamani mbele ya macho yako. Kwa hiyo watu walikuja kwenye Dirisha, na nyuma ya Dirisha nilikuwapo mimi. Nilisikiliza shida ya mtu, nikaandika agizo kwenye kipande cha karatasi, nikaliteremsha kwa kikapu kupitia tundu lililokuwa sakafuni karibu na miguu yangu.

Maagizo yaliandikwa kwa Lugha ya Dirisha, lugha kavu, yenye maneno matano tu: fungua, soma, andika, futa, funga. Nilijifunza nikiwa msichana na nikaijua kuliko walionifundisha. Niliweza kuipanga mistari yake hata mtu asione pa kuingiza sindano. Lakini ilikuwa na sharti moja ambalo sikuwahi kulihoji: mstari wa pili haukuwa na uhai mpaka wa kwanza umalizike. Uliposema fungua, dunia nzima ilisimama mpaka faili lifunguliwe. Mimi niliweka viganja mezani na kufunga mdomo. Msururu wa watu haukusogea. Hata jua juu ya paa lilibaki palepale, saa nne asubuhi, likingoja pamoja nasi.

Sheria hiyo ilikuwa ya Bwana Shaweji, Mkuu wa Dirisha. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye sauti ya chini na kanzu isiyokunjamana. Hakuwahi kumgombeza mtu. Alitembea kando ya msururu mikono ikiwa nyuma, akiwatazama watu waliosimama, na usoni mwake mlikuwa na utulivu wa mtu anayetazama shamba lake.

Nikajiuliza mara nyingi, viganja vikiwa mezani: mtu anayesubiri, yupo? Anayekula yupo katika kula kwake, anayelia yupo katika kilio chake. Lakini aliyeuliza swali asubuhi na bado hajajibiwa, na amekatazwa kufanya jingine lolote mpaka ajibiwe, huyo yuko wapi? Niliwaona kwa macho yangu. Mtu alifika katika msururu akiwa fundi wa viatu mwenye hasira na kicheko chake mwenyewe. Baada ya muda hasira iliondoka, kisha kicheko, kisha hata viatu akavisahau. Nyuso zao zilianza kufanana. Nilipowauliza majina walipofika mbele yangu, wengine walitaja jina la aliyekuwa mbele yao. Na mimi je? Mimi niliyesubiri pamoja na kila mmoja wao, nilikuwa nani zaidi ya jumla ya kungoja kwao? Nilikuwa na fahari ya kazi yangu hata wakati huo, lakini ilikuwa fahari ya kufuli.

Sasa nimtaje Bi Kidawa.

Alijiunga na msururu akiwa na mimba ya miezi tisa. Alitaka jambo moja, iandikwe katika faili la ukoo wao kwamba mtoto wake azaliwe. Kwa kuwa msururu haukusogea, mimba nayo haikusogea. Nilimwona akiwa wa mia, akiwa wa hamsini, akiwa wa kumi, na tumbo lilelile, mkono uleule kiunoni. Alikuwa amebeba miaka mitatu alipofika nafasi ya pili. Yeye peke yake, kati ya wote, uso wake haukufanana na wa mtu mwingine. Labda ni kwa sababu ndani yake kulikuwa na mtu ambaye hakujua sheria, akipiga mateke mchana kutwa.

Aliyekuwa mbele yake alikuwa mwanamume aliyetaka mlango wake uwe wa kijani. Niliandika agizo lake. Kikapu kikashuka. Nikaweka viganja mezani. Siku kumi na tisa zikapita, ikiwa naweza kuziita siku, jua likiwa saa nne.

Siku ya ishirini Bi Kidawa akasema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemuuliza jirani juu ya ukuta.

"Bi Sikudhani, samahani. Huyu bwana anasubiri mlango wake uwe wa kijani. Mimi ninasubiri nini?"

Sikuruhusiwa kujibu. Nikajibu kwa macho: zamu yako.

"Hapana," akasema. "Mimi nasubiri mlango wake. Faili lake ni lake na langu ni langu. Maagizo mawili yakishuka kwa pamoja, yatapigana huko chini?"

Katika miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Niliujua kila mstari wa Lugha ya Dirisha, na katika yote niliyojua hapakuwa na jibu la swali hilo dogo la mama aliyechoka.

"Sijui," nikasema.

Lilikuwa neno langu la kwanza nje ya sheria. Hapakutokea kitu. Paa halikuanguka.

Nikafikiri jinsi tunavyozungumza tukiwa nje ya Dirisha. Mama yangu alipoinjika chungu, hakusimama juu yake bila kupumua. Alisema: maji yakichemka, niite, kisha akaenda kufua. Yakichemka. Nililirudia neno hilo moyoni mpaka likavunjika vipande, na katikati yake nikaiona silabi ambayo nimeitamka maisha yangu yote bila kuiangalia: ki. Ndogo kuliko punje. Lugha ya Dirisha haikuwa nayo. Ilijua kuamuru tu. Haikujua kusema: jambo hili litakuja kwa wakati wake, na likija, fanya hivi.

Nikainua viganja kutoka mezani. Nikachukua kipande cha karatasi na kuandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote niliowahi kuandika: *Faili la ukoo wa Mosi lifunguliwe, iandikwe: mtoto wa Kidawa azaliwe. Likifika, niite.* Mosi lilikuwa jina la mama yake Bi Kidawa. Nikateremsha kikapu ingawa kile cha kwanza kilikuwa hakijarudi.

Kamba ikatikisika. Kisha kwenye tundu ukatokea uso wa mtu mzima mwenye vumbi kwenye kope. Alikuwa Mbaruku, mleta mafaili. Kwa miaka yote nilimjua kwa mikono yake tu.

"Dada," akasema, "hiki ulichoandika hapa katikati ni nini?"

"Ni silabi."

"Inasemaje?"

"Inasema wewe nenda ukalitafute, na mimi huku nitaendelea na wengine. Ukilipata, niite."

Akaitazama karatasi muda mrefu. Alikuwa mtu makini. "Na lisipofika? Kuna mafaili yameliwa na mchwa huko."

Nikamheshimu tangu saa ile. Nikaichukua karatasi na kuongeza: *Lisipofika, niambie sababu.*

"Basi kama ni hivyo," akasema Mbaruku, "naweza kuwaita wenzangu?"

"Wenzako gani?"

"Tuko arobaini huku chini, dada. Agizo huja moja, kwa hiyo mmoja wetu huenda na thelathini na tisa hukaa. Tumekaa sana."

Nataka msomaji akae na habari hiyo kama nilivyokaa nayo mimi. Miaka ile yote tuliamini kwamba Kina ni kizito, kwamba kina giza na kuchelewa kwake ni maumbile yake kama ubaridi ulivyo wa jiwe. Kumbe watu arobaini wenye nguvu walikuwa wameketi chini ya miguu yangu wakichora vumbi kwa vidole. Uzito ulikuwa huku juu. Uzito ulikuwa viganja vyangu mezani.

Nikampasulia Bi Kidawa karatasi yenye jina lake vipande viwili, nusu yake, nusu yangu. "Chukua," nikamwambia. "Hii ni ahadi. Nenda nyumbani kafanye kazi zako. Faili likifika nitakuita."

"Niondoke kwenye msururu?"

"Msururu hauna kazi tena."

Akasimama akiishika ile karatasi kwa vidole viwili. Kisha akageuka, akatembea. Mtu wa mlango wa kijani naye nikampa ahadi yake, na aliyefuata, na aliyefuata. Niliandika maagizo mia mbili kabla sijanyoosha mgongo. Watu waliondoka kwa shida mwanzoni. Magoti yao yalikuwa yamesahau. Wengine walikwenda hatua kumi wakarudi kuhakikisha kwamba nafasi yao haijachukuliwa, wakakuta hakuna nafasi, wakacheka. Ndipo lilipotokea jambo ambalo wazee wa mji wanalikumbuka hadi leo: kivuli cha nguzo ya ukumbi kikasogea. Watu walitoka nje kutazama. Ilikuwa saa saba mchana. Wako vijana ambao hawakuwahi kuiona saa saba, wakaishangaa ilivyokuwa nyeupe.

Mafaili yalianza kupanda. Hayakuja kwa mpangilio ulioombwa. Jembamba lilitangulia, nene likachelewa. Mtu mmoja alikuja akilalamika kwamba jirani yake aliuliza baada yake na amejibiwa kabla yake.

"Ulitangulia kuuliza, baba," nikamwambia. "Lakini faili lako lina babu wanane. Linahitaji watu wawili kulibeba."

Akafikiri. Akasema basi ngoja aende akanyoe.

Nilikuwa mmoja. Nisieleweke vibaya kwenye hili, maana ndilo ninalojivunia kuliko yote. Sikugawanyika, sikuongeza mikono. Nilikuwa Sikudhani yuleyule na Dirisha lilelile moja, nikifanya jambo moja kwa wakati. Lakini sikungoja. Kila faili lilipofika nililiacha nililokuwa nalo mahali salama, nikaita jina, nikasoma, mwenyewe akatia kidole gumba, nikafunga, nikarudi. Nusu za karatasi zilijaa mbele yangu kama pumba za mchele, na kila moja ilikuwa mtu aliyekuwa mahali fulani akiishi. Nilianza kuwajua watu kwa namna ambayo sikuwajua walipokuwa mbele yangu. Walirudi wakinuka samli, wakinuka chokaa, wakiwa na ugomvi walioukatiza na nyimbo nusu.

Bwana Shaweji alikuwa ameketi ofisini kwake. Alisikia ukimya wa ukumbi ukibadilika. Alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma, akatazama sakafu tupu iliyokuwa na alama za nyayo za miaka. Akarudi ndani.

Sasa nitasimulia kosa, na nitalisimulia nikiwa nimesimama wima, kwa kuwa ni langu.

Alasiri ileile alikuja mwashi aitwaye Feruzi. Alikuwa kaka yake Bi Kidawa, mdogo wake wa kufuatana. Sikulijua hilo, hakuna aliyeniambia na sikuuliza, na baada ya maagizo mia mbili jina la Mosi lilipita mkononi mwangu bila kunigutusha. Mama yao, Bi Mosi, alikuwa amekufa mwaka mmoja nyuma.

"Amekufa lakini hajaandikwa," Feruzi akaeleza. "Kwa hiyo hajaondoka. Anakaa jikoni, kwenye kigoda chake. Tunamwekea chai, hainywi. Tunamwita, hageuki. Nataka apumzike."

Nikaandika agizo: *Katika faili la ukoo wa Mosi iandikwe: Mosi amefariki.* Nikampa ahadi yake. Na huko chini lilikuwapo tayari agizo la dada yake katika faili lilelile: *iandikwe: mtoto wa Kidawa azaliwe.*

Waleta mafaili wawili walilifikia faili kwa wakati mmoja. Walikuwa watu wazuri, wenye bidii, wenye furaha ya kupata kazi. Walilifungua kwenye ukurasa uleule, mmoja akashika upande huu, mwenzake upande ule, wakaandika gizani neno kwa neno, kila mmoja akiweka neno lake pale mkono wa mwenzake ulipoachia nafasi.

Mbaruku aliuleta ukurasa huo juu yeye mwenyewe. Aliuweka mezani kwangu, akarudi tunduni. Nikasoma: *Mtoto wa Kidawa amefariki. Mosi azaliwe.*

Nikausoma tena. Maneno yote yalikuwa sahihi. Hakuna lililopotea. Kila mmoja alikuwa ametimiza agizo langu kwa uaminifu, na uaminifu wao mara mbili ulikuwa umeandika maafa.

Bi Kidawa aliingia ukumbini kabla sijamwita. Alitembea polepole, mikono yote miwili tumboni.

"Ametulia," akasema. "Bi Sikudhani, hajawahi kutulia hata siku moja."

Nyuma yake akaja Feruzi akikimbia, unga wa saruji kwenye nywele. "Mama amesimama kwenye kigoda," akasema. "Amekuwa mdogo. Meno yamemdondoka, ananyonya kidole, ananililia mimi." Kisha akamwona dada yake, akamshika bega.

Wino wa Kina hukauka polepole. Ukiwa mbichi, kilichoandikwa kinaanza kuwa. Ukikauka, kimekwisha kuwa, na hakuna futa itakayokirudisha. Nikagusa ukurasa kwa ncha ya kidole. Ulikuwa bado unanata, lakini si kwa muda mrefu.

"Nilikuwa na sababu." Ilikuwa sauti ya Bwana Shaweji. Alikuwa ametoka, akalifunika tundu na kusimama juu ya kifuniko chake, viatu vyake viwili vikiwa vimepangwa sawasawa. "Ulidhani naweka watu katika msururu kwa sababu napenda kuwatazama. Ninapenda, sikatai. Lakini walipokuwa katika msururu, Sikudhani, hakuna aliyewahi kuandika juu ya mwenzake. Kusubiri ndiko kulikowalinda. Chana hizo ahadi zako. Warudi wote. Mmoja, kisha mwingine."

Alikuwa amesema kweli kwa nusu, na nusu hiyo iliniingia. Nikaona msururu ukirudi akilini mwangu, jua likirudi saa nne, na sehemu yangu ndogo, ile iliyokuwa kufuli, ikafurahi. Kufuli halikosei.

Kisha nikafikiri: ni wangapi walioshika ukurasa mmoja? Wawili. Watu wawili wa tumbo moja. Kwa nini mtu wa mlango wa kijani alipie ukurasa wa Mosi? Kosa langu halikuwa kwamba watu wengi walitembea kwa wakati mmoja. Nilisahau kuuliza ni nani wanaofikia kitu kimoja.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nililitia mwenyewe na nitalitoa mwenyewe. Lakini sichani kitu."

Nikaandika. Mistari ilinyooka, ninajivunia hilo pia.

*Futa mistari miwili ya mwisho katika faili la Mosi. Faili hilo lishikwe na mtu mmoja tu. Akishaandika ya Feruzi, ndipo aandike ya Kidawa. Wengine wote waendelee.*

Nikaweka karatasi kikapuni. Bwana Shaweji hakuondoka kwenye kifuniko.

"Nipishe, Bwana Mkuu."

"Nisipokupisha?"

"Utasimama hapo. Tazama nyuma yako, hakuna mtu. Utakuwa unasimamia nini?"

Akageuka, nadhani bila kukusudia. Ukumbi ulikuwa mweupe na mtupu mpaka mlangoni. Hata walinzi wake walikuwa wamechukua ahadi zao na kwenda. Lakini hakusogea, na kwenye ukurasa wino ulikuwa umeanza kupoteza mng'ao pembeni.

Bi Kidawa hakumwomba. Alimwendea, akauchukua mkono wake wa kulia kutoka nyuma ya mgongo, mkono ambao sikuwahi kuuona ukishikwa na mtu, akakiweka kiganja chake kwenye tumbo lake. Akakishikilia hapo. Nilimwona Bwana Shaweji akisikiliza kwa kiganja. Akasubiri kitu kipige. Akasubiri. Hakikupiga.

"Sasa umejua," Bi Kidawa akasema taratibu. "Mguu, bwana."

Akaondoa mguu mmoja, kisha wa pili.

Mbaruku alikipokea kikapu na ukurasa kwa pamoja. "Nitaliandika mwenyewe," akasema, akazama.

Nikamwambia Feruzi ampeleke dada yake nyumbani. Bi Kidawa hakutaka, akaenda. Na mimi nikasubiri. Ndiyo, nilisubiri. Nilikuwa nimesubiri miaka bila kusubiri kitu, na sasa kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu. Lakini sikuweka viganja mezani. Faili la muuza vitambaa likapanda, nikaita jina lake, nikasoma. Faili la mapacha likapanda, nikasoma. Kila nilipofunga moja nililitazama tundu. Niligundua kwamba moyo unaweza kukaa mahali pamoja huku mkono ukifanya kazi mahali pengine, na kwamba mtu hagawanyiki kwa kufanya hivyo. Huko ndiko kuwapo. Aliyeuliza na atakayejibiwa ni watu wawili waliotenganishwa na wakati. Na kinachowaunganisha ni yale mtu anayoyatenda katikati. Ukimnyima ya katikati, umemuua wa kwanza na wa pili hatazaliwa.

Kamba ikatikisika. Mbaruku akaweka faili mezani. *Mosi amefariki*, mstari wake. *Mtoto wa Kidawa azaliwe*, mstari wake. Wino mbichi, safi, mwandiko wa mtu aliyeandika huku akipumua polepole.

Nikaita, "Kidawa wa Mosi." Nikaita mara tatu. Hakuja.

Faili lililosomwa na kuandikwa lilikuwa halijafungwa mpaka mwenyewe atie kidole gumba. Faili lililoachwa wazi hukaribisha mchwa. Nikatazama kiti changu, nikatazama tundu: chini watu arobaini walikuwa kazini na hakuna hata mmoja aliyehitaji nimsimamie. Nikasimama. Nikalichukua faili chini ya kwapa.

"Unakwenda wapi?" Bwana Shaweji akauliza. Alikuwa bado palepale, akikitazama kiganja chake.

"Kuchukua alama ya kidole gumba. Twende, Bwana Mkuu. Unaijua njia ya mji wako?"

Hakuijua. Tukaulizia.

Jua lilikuwa limeshuka kidogo na mji wote ulikuwa nje. Watu walinisalimu kwa jina langu, na nilizipokea salamu hizo zote; sikujifanya sizistahili. Mlango mmoja wa kijani ulikuwa wazi. Tulifika nyumbani kwa akina Bi Kidawa tukamkuta Feruzi mlangoni, macho mekundu, amejipangusa uso kwa mkono wenye saruji.

"Mama amepumzika," akaniambia. "Tumemlaza. Alikuwa amerudia umri wake."

Nikampa pole, akaipokea. Kutoka ndani ikasikika sauti ya mkunga akihimiza, kisha mguno mrefu wa mwanamke afanyaye kazi ngumu kuliko zote.

"Feruzi," sauti ya Bi Kidawa ikasema baada ya kupumua, "nani hapo?"

"Ni Bi Sikudhani, dada. Na Bwana Mkuu wa Dirisha. Wameleta faili lako utie kidole gumba."

Mguno mwingine. Kisha, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli zake:

"Waambie wasubiri."

Nilimtazama Bwana Shaweji. Sikumtazama kwa kumdhihaki. Nilitaka kuona. Alipokea neno lile usoni kama mtu anayepewa chakula cha nchi nyingine. Akanyoosha kanzu yake. Akaweka mikono nyuma, akasimama wima kama walivyokuwa wakisimama watu wake, akaanza kusubiri.

"Kwa muda gani?" akaninong'oneza baada ya kitambo.

"Hilo halijulikani."

Feruzi alikuwa ametoka na ndoo mbili. Akamwangalia mzee yule aliyesimama bure katikati ya njia, akamkabidhi moja. "Bomba liko pale kwenye kona," akasema. "Maji yanahitajika ndani."

Bwana Shaweji akaishika ndoo. Nilidhani angeiweka chini. Akakunja mikono ya kanzu yake, kunjo moja, kunjo mbili, akaenda. Alirudi akiwa amelowa mpaka magotini, akaimimina, akaenda tena. Mimi nikakaa kizingitini na faili wazi mapajani, nikiupepea ukurasa kwa nusu za karatasi za watu wengine, na sikumbuki kama nimewahi kukaa mahali kwa raha namna ile.

Alikuwa anarudi na ndoo ya tatu sauti ilipotoka ndani, nyembamba, yenye hasira, ya mtu aliyecheleweshwa miaka mitatu. Bwana Shaweji akasimama. Maji yalikuwa yakitikisika ndooni.

"Wa kike au wa kiume?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimuuliza mtu jambo ambalo alitaka kulijua.

"Bado hatujaambiwa," Feruzi akasema. "Leta maji."